"Barabara yenu imepita": imepita wapi sasa?

Mkutano wa mtaa wa mwisho kabla ya masika, mzee mmoja jirani yetu alinyanyuka na fimbo yake akauliza, "Mwenyekiti, mwaka jana ulisema barabara yetu imepita. Mimi nakaa hapahapa barazani kutwa nzima, mbona sijaiona ikipita?" Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, akasema ishu iko kwenye mchakato, tukahamia kwenye habari za gari la taka. Ila lile swali mi nilirudi nalo nyumbani, maana nikihesabu mara nilizosikia hilo neno "imepita" tangu nihamie huku pembezoni mwa Dar, ni nyingi kuliko mara ambazo nimeliona greda.

Na kijiweni kila mtu ana mchawi wake. Mmoja anasema diwani kala hela, mwingine anasema ni mbunge, wa tatu anamtaja mkurugenzi, bodaboda wao wana jibu moja tu, TANROADS, wakala wa barabara kuu, hata kama ni kauchochoro ka kwenda kwa muuza mkaa. Uongo na wizi upo sikatai, lakini sehemu kubwa ya hii vurugu inatokana na sisi kutojua kitu gani ni cha nani, na neno moja lina maana kama tano, anayelisema ana yake na anayelisikia ana yake. Ngoja nilifumue taratibu kuanzia chini.

Tuanze na mtaa. Mtaa una mwenyekiti tunayempigia kura (mara ya mwisho ilikua 27 Novemba 2024) na una mtendaji wa mtaa ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Mwenyekiti hana fungu la barabara, hana kabisa, kazi yake ni kuitisha mkutano, kukusanya vipaumbele vyenu, kuvipeleka mbele na kugonga muhuri kwenye barua zenu. Kuna na balozi wa nyumba kumi ambae watu wengi bado wanampelekea kesi za mitaro, sasa balozi ni mtu wa chama, sio wa serikali, hata awe na roho nzuri kiasi gani hana kiti halmashauri.

Juu ya mtaa kuna kata. Hapo ndo yuko diwani, na pale kata kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, wenyewe wanapenda kuiita WDC, diwani ndo mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndo katibu. Vipaumbele vya mitaa yote vinakutana hapo vinapigana. Kinachoshinda diwani anakipeleka kwenye Baraza la Madiwani la halmashauri. Kwa hapa Dar halmashauri ziko tano, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni na Jiji la Dar es Salaam, hilo Jiji la sasa ndo ile iliyokua Manispaa ya Ilala, ilipandishwa 2021 baada ya lile jiji la zamani kuvunjwa, kwahiyo mtu wa Mbagala akisema "jiji halitujali" kiutawala amekosea mlango, yeye ni wa Temeke.

Sasa watu wengi wanadhani diwani anasaini cheki. Hasaini. Fikiria kamati ya harusi. Wanakamati wanakaa wanakubaliana ukumbi gani, chakula cha watu wangapi, mziki wa nani, hao ndo madiwani, na meya ni mwenyekiti wa kikao aliyechaguliwa na wanakamati wenzake. Anayeshika hela na kwenda sokoni ni mkurugenzi, huyu hachaguliwi na mtu mtaani, anateuliwa na Rais. Kamati inaweza kumhoji, inaweza kukataa taarifa yake, inaweza kugomba mpaka usiku, ila sufuria analo yeye.

Alafu kuna mwenye ukumbi, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Mwenye ukumbi hayupo kwenye kamati.

Zamani barabara za mtaani zilikua chini ya halmashauri yenyewe, ilikua na mainjinia wake, diwani akigonga meza kweli kuna mtu wa kumtetemesha. Tangu Julai 2017 barabara hizo zimehamia TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na halmashauri, na makao yake makuu yako Dodoma. Meneja wa TARURA wa wilaya anakuja kwenye baraza kutoa taarifa, anasikiliza, anaandika, lakini bosi wake sio mkurugenzi wala meya, huyo ndo mwenye ukumbi. Madiwani wamelalamikia hili jambo miaka na miaka, na mi naona wana hoja, maana mtu anakuomba kura kwa barabara alafu akishinda anakuta barabara sio yake. Upande wa pili wenye kutetea TARURA wanasema kabla ya hapo kila halmashauri ilikua inajenga kivyake na hela za barabara zilikua zinachepuka kwenye mambo mengine. Hiyo nayo kweli.

TANROADS ni wakala mwingine kabisa, upo tangu 2000, uko chini ya wizara ya ujenzi na unashika barabara kuu na barabara za mikoa. Barabara ya Morogoro, Barabara ya Kilwa, Mandela, Bagamoyo, hizo ni zao. Kwa kilomita, TANROADS wana kama elfu 36 hivi nchi nzima, TARURA wana zaidi ya 144,000. Yaani aliyebeba mzigo mrefu ni yule mdogo, tena barabara zake nyingi ni za udongo, alafu fungu kubwa la Mfuko wa Barabara kwa miaka mingi limekua likienda kwa TANROADS, mgao uliozoeleka ni takribani asilimia 70 kwa barabara za taifa na 30 kwa hizi zetu. Wataalamu watakwambia barabara kuu zinabeba malori ya mizigo na uchumi wa nchi, na ni kweli, ila ukiwa umekwama kwenye tope na mgonjwa kwenye bajaji hiyo hoja haikusaidii sana.

Huo Mfuko wa Barabara unatokana zaidi na tozo kwenye mafuta. Kila lita unayoweka kwenye bodaboda yako kuna hela ya barabara humo ndani, na bajeti ya 2021 iliongeza shilingi 100 kwa lita mahsusi kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwahiyo anayesema "sisi hatulipii barabara, tushukuru tunachopewa" mwambie analipia kila asubuhi, hata asiye na chombo analipia kwenye nauli na kwenye bei ya nyanya.

Ila huo mfuko una masharti, na sharti moja linaumiza sana maeneo kama yetu yaliyojengwa kabla ya kupimwa. Barabara lazima iwe imetambuliwa na kuingizwa kwenye mtandao wa barabara wa TARURA ndo iweze kupangiwa hela. Njia mnayopita miaka kumi na tano, ina maduka, ina stendi ya bodaboda, ina mpaka jina, inaweza ikawa kwenye vitabu haipo, kwa serikali hapo ni viwanja vya watu wawili vinavyotazamana. Hiyo ndo sababu mtaa wa pili wanachongewa na nyie hamchongewi hata kama diwani ni huyohuyo. Kwahiyo swali la kwanza kabisa kabla ya "hela iko wapi" ni "je barabara yetu imesajiliwa?" na hilo linajibiwa na ofisi ya TARURA ya wilaya.

Kuna mfuko mwingine, miradi ya mikopo mikubwa, nao unaleta wivu mtaani kuliko kitu chochote. Ule mradi wa DMDP, wa kuboresha miundombinu ya Dar, awamu ya kwanza ulioanza 2015, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ndo uliowapa watu wa Kijichi, Tandale na kwingineko barabara za lami zenye mitaro na taa, na ulihusu Ilala, Kinondoni na Temeke za wakati ule. Kama kata yako haikua kwenye orodha haikua, orodha inafungwa kwenye makubaliano kabla hata mkopo haujatoka, diwani wako hawezi kusimama barazani akasema naomba kipande kimoja kihamie kwangu. Mradi wa Bonde la Msimbazi nao ni hivyohivyo, una fedha zake, una mipaka yake, na ni wa kutibu mafuriko ya Jangwani na maeneo ya bonde, hauwezi kukuchongea barabara ya Goba.

Haya, turudi kwenye neno letu. Kwenye harusi mtu akichukua kadi akaandika laki mbili, hela imepatikana? Bado, hiyo ni ahadi. Akikupigia simu akasema "nakutumia leo jioni" bado. Mpaka meseji ya muamala iingie. Barabara nayo ina hatua zake, na kila hatua kuna mtu atasimama aseme imepita.

Mara ya kwanza itapita pale kwenye WDC, maana yake tu kata imekubali kwamba ni kipaumbele, hapo hamna hata shilingi. Mara ya pili itapita kwenye baraza kama mpango, ikaenda mkoani, ikaenda TAMISEMI, na huko njiani bajeti ina ukomo, mnaomba barabara kumi zinarudi tatu. Mara ya tatu inapita bungeni, kati ya Aprili na Juni, na hapo watu wengi huwa wanachinja mbuzi kabisa, lakini bajeti kupitishwa ni ile kadi ya mchango, fedha inatoka kidogokidogo kadiri serikali inavyokusanya. Mara ya nne imetangazwa zabuni na mkandarasi akasaini mkataba, siku hizi zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, sio bahasha za kaki tena. Mara ya tano mkandarasi amekabidhiwa saiti. Hiyo ya tano ndo sisi tunayoielewa kama "imepita", kwa hiyo mwenyekiti akiongelea ya kwanza na mzee anawaza ya tano hapo katikati kuna mwaka mzima au zaidi, na matusi yote yanaishi humo.

Na mtu akikwambia upembuzi yakinifu umekamilika usianze kupaka nyumba rangi. Hiyo ni kupima tu kama mradi unawezekana na una faida, baada yake kuna usanifu, yaani michoro na makadirio, ndo zije hizo hatua nyingine. Kuna barabara nchi hii zimefanyiwa upembuzi mpaka walioupima wamestaafu.

Kitu kingine kinachowaudhi watu ni greda kuja kipindi cha mvua. Mtaani kwetu watu wanaamini kabisa ni makusudi, eti mkandarasi anasubiri mvua ili izoe kazi yake mbovu asikaguliwe. Inawezekana wapo wa hivyo. Lakini angalia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Julai ndo bajeti mpya inafunguliwa, zabuni inatangazwa, watu wanaomba, wanachambuliwa, anapatikana mshindi, kuna muda wa waliokosa kulalamika, mkataba unasainiwa, mkandarasi anatafuta mitambo, ukija kushtuka ni Oktoba au Novemba na vuli hii hapa. Akisubiri vuli iishe ana Januari na Februari, alafu Machi masika inaingia mpaka Mei, na Juni mwaka wa fedha unafungwa. Miezi mikavu mizuri kabisa ya kujenga, Julai mpaka Septemba, inaliwa na makaratasi. Kwa maoni yangu hapa ndo pa kupigia kelele kuliko pengine popote, zabuni zianze kuandaliwa mapema bajeti ikiwa bado inajadiliwa ili Julai watu wawe saiti, wapo mameneja wanaofanya hivyo na barabara zao zinaonekana.

Mvua yenyewe nayo inakula bajeti. Zile mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na zile za Aprili 2024 zilibomoa madaraja na makalavati sehemu nyingi, Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika. Hela ya dharura ikihitajika inachotwa mahali, na mara nyingi kinachosogezwa mbele ni zile kazi ndogo ambazo hazitoki kwenye taarifa ya habari, kama ya kwenu.

Tukija kwenye kazi yenyewe, sio kila greda linalokuja limekuja kujenga. Kuna matengenezo ya kawaida, hapo ni kuchonga, kufyeka, kuzibua mitaro, kuziba viraka. Kuna matengenezo ya sehemu korofi, wanakuja wanatengeneza mita mia mbili pale panapokwamisha magari wanaondoka, na hapo lazima mtu aseme "wametengeneza mbele ya nyumba ya kigogo tu", wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine nyumba ya kigogo iko kwenye tope kama za wenzake. Kuna matengenezo ya muda maalum, haya ni makubwa kidogo, unawekewa tabaka jipya la changarawe au lami kila baada ya miaka kadhaa. Ndo kuna ujenzi sasa, kutoka udongo kwenda lami au zege. Na changarawe sio kifusi. Kifusi ni kile mnachochangishana elfu tano tano, lori linamwaga linaondoka, mvua ya kwanza kinageuka uji. Changarawe inachaguliwa, inamwagwa kwa tabaka, inamwagiwa maji na kushindiliwa na roli, na barabara inanyanyuliwa katikati kama mgongo wa ngalawa iliyopinduliwa ili maji yaende pembeni.

Maji ndo adui, sio magari. Barabara isiyo na mtaro ni kama nyumba ya udongo isiyo na upenu, itasimama kiangazi kizima ikupe moyo. Na hapa tuseme ukweli wetu, mtaani kwangu mtaro wa zege ulijengwa vizuri tu, ndani ya miezi kumi ukawa dampo, wengine wameufunika na kujenga vibanda vya chipsi juu yake, alafu mvua ikija maji yanapita sebuleni kwa watu tunapiga simu kwa diwani.

Kuhusu zile X zinazochorwa kwenye kuta za nyumba. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, kutoka mita 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara mpaka mita 30. Ndo zikaja zile alama mbili. X nyekundu ni kwamba ulijenga ndani ya hifadhi, unabomoa hamna fidia. X ya kijani ni kwamba barabara ndo imekufuata wewe kwenye zile mita za nyongeza, una haki ya kufidiwa eneo likihitajika. Watu wanachanganya hizi rangi na wanauza viwanja kwa hofu, dalali anajua na anafaidika. Na fidia ikishathaminiwa na kuidhinishwa inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa inaanza kudai riba, na thamani ikipita miaka miwili bila malipo tathmini inarudiwa upya. Kwenye barabara za mitaa zenyewe ni tofauti, mara nyingi mnaambiwa mtoe maeneo bure ili barabara ipite, na nimeona mitaa ambayo mtu mmoja aliyegoma kurudisha ukuta wake mita moja amezuia watu mia tatu, na hapo hamna mkurugenzi wala waziri, ni kikao cha majirani.

Maji na umeme ni hadithi fupi. DAWASA na TANESCO hawako chini ya halmashauri, ndo maana unaona barabara imemaliza mwezi ikachimbwa kupitisha bomba. Mchimbaji anatakiwa apate kibali cha mwenye barabara na arudishie kama alivyokuta. Kwetu kuna mtu alichimba akarudishia kwa mchanga na matumaini.

Zahanati na madarasa ndo angalau viko mikononi mwa halmashauri moja kwa moja, na vingi vinajengwa kwa mafundi wa kawaida na kamati za wananchi badala ya mkandarasi mkubwa, kwahiyo huko kumbana diwani na mkurugenzi kuna maana zaidi kuliko kwenye lami.

Mradi ukianza kweli, kinachosema ukweli ni bango. Nenda kalisome, piga picha. Litaandikwa mwajiri, huyo ndo mwenye mradi, kama ni TARURA basi malalamiko yako ni ya TARURA usimchoshe mwenyekiti. Kuna mkandarasi, kuna mhandisi msimamizi, mara nyingi tarehe ya kuanza na muda wa kazi. Na ikiisha, usidhani mkandarasi kaondoka moja kwa moja, kuna kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, sehemu ya hela yake inakua imeshikiliwa, kalavati likititia ndani ya huo muda analirudia kwa gharama zake. Watu hawajui, kasoro inaonekana mwezi wa tatu, wanailalamikia kijiweni mpaka mwaka unaisha, wakija kuandika barua mkandarasi keshalipwa kila kitu.

Vikao vya baraza vinakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Mi nimewahi kwenda, tulikua wananchi wawili, na mwenzangu alikua anasubiri mvua ikatike.

Mkutano wa mtaa uliofuata nilikaa karibu na yule mzee nikamwandikia maswali matatu kwenye karatasi ya daftari. Barabara yetu imesajiliwa? Iko kwenye bajeti ya mwaka gani? Mkataba umesainiwa na nani, na saiti itakabidhiwa lini? Akasimama na fimbo yake akayasoma polepole, safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akamwangalia mtendaji, mtendaji akafungua daftari lake, akalifunga, akaomba apewe wiki mbili akaulize wilayani. Tunaingia ya tano sasa, na kila jioni nikipita pale kwake mzee ananyanyua fimbo toka barazani ananiambia, "Wiki mbili zenyewe nimeziona, hizo kweli zimepita."